Uovu: wa kuzaliwa nao au wa kufunzwa?

"Mtoto wa nyoka ni nyoka." "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Nani mkweli?

Kwa ushahidi, mazingira yananivuta zaidi. Mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, katika jaribio la mwanasaikolojia Stanley Milgram, watu wa kawaida waliamriwa wampige mwenzao shoti za umeme. Hawakujua ni za uongo. Mwenzao aligonga ukuta, kisha kimya. Kati ya wanaume 40, 26 walifika volti 450, kiwango cha mwisho, baadhi wakitetemeka na kutokwa jasho. Inatisha.

Lakini 14 waligoma kuendelea hadi mwisho, kwa amri ileile. Hapo hoja ya maumbile inapata nguvu.

Kwa tiba, malezi yanashinda: yanarekebishika. Unalea? Shika methali ya pili. Unatafuta wa kumwachia mwanao? Chunguza kwanza tabia yake ya siku zote.