Vikao vinne vya Shamiri shuleni: uzito uko katika cha mwisho

Katika shule nyingi za sekondari Kenya, mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyohuyo anayefundisha vipindi vyake, kusahihisha madaftari na kushika zamu. Mpango wa Taasisi ya Shamiri wa kupunguza sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na wasiwasi kwa wanafunzi umeundwa kwa kuzingatia hali hiyo. Hautaki mwanasaikolojia aketi darasani, na haumwambii mwanafunzi kuwa ni mgonjwa. Ni kikao kimoja cha saa moja kwa wiki, kwa wiki nne, kundi la wanafunzi kumi hivi, chini ya kiongozi, kijana aliyemaliza kidato cha nne si zamani. Nyuma ya kijana huyo yuko msimamizi, na nyuma ya msimamizi mtaalamu wa afya ya akili.

Vikao viwili vya kwanza vinafundisha kuwa mtu hubadilika: ubongo hujijenga kwa mazoezi, na anayeshindwa leo hajafungiwa mlango. Cha tatu ni shukrani, ambacho wanafunzi hukielewa haraka. Cha nne ni mambo ambayo mtu anayathamini maishani, na hapo ndipo mpango huu unapogusa suala la maana ya kuishi.

Ushahidi wake ni mzuri kuliko wa mipango mingi inayobisha hodi kwa wakuu wa shule. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry lilihusisha wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi, kutoka shule nne za Nairobi na Kiambu. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine Shamiri, wengine mbinu za kusoma, muda uleule. Makundi yote mawili yalipata nafuu, la Shamiri zaidi, na tofauti ilikuwa bado inaonekana miezi saba baadaye. Tofauti yenyewe ni ya kiasi. Anayekuahidi muujiza anauza kitu kingine. Utafiti wa 2022 ulizipima sehemu hizo mojamoja, kila moja kwa kikao kimoja tu. Kile cha mambo yanayothaminiwa na kile cha mabadiliko vilipunguza wasiwasi kuliko mbinu za kusoma. Kwa sonona, kikao kimoja hakikufua dafu.

Kwa hiyo inasikitisha kwamba kikao cha nne ndicho rahisi zaidi kuharibika. Kinakuja mwisho, kengele inakaribia, na zoezi lake linahitaji kalamu na utulivu. Mwanafunzi anachagua jambo moja au mawili, tuseme familia, imani au kusaidia wengine, anaandika kwa nini ni muhimu kwake, lini liliongoza uamuzi wake, kisha atafanya nini juu yake. Mwalimu akiwa amekaa nyuma ya darasa, karatasi zitajaa "nidhamu" na "bidii masomoni". Huo ni wimbo wa gwaride la asubuhi, na mtoto ameuandika ili asisumbuliwe. Mwalimu atoke, na karatasi ibaki kwa mwenyewe, isikusanywe.

Kosa la pili ni kuishia kwenye neno. "Nathamini kusaidia wengine" bado haijafika popote. "Leo wakati wa prepu nitamwelekeza jirani yangu hesabu za logarithimu" imefika. Kiongozi aulize lini, wapi, na nani, mpaka jibu liweze kufanyika kabla ya Jumapili. Faida inatoka hapo: mwanafunzi aliyejipima kwa alama peke yake anapata mahali pengine pa kusimama matokeo yakija vibaya.

Ratiba nayo ina mtego. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, na kikao ni 60. Kukipunguza kunakata uandishi, kwa sababu viongozi hukimbilia kumaliza maelezo. Afadhali muda wa michezo jioni, muhula wa kwanza au wa pili. Muhula wa tatu una mitihani ya kitaifa na akili za wote ziko huko.

Upungufu mkubwa uko kwenye vipimo. Dodoso la sonona linalotumika, PHQ-8, lina maswali manane, jumla ya alama 24, na kuanzia 10 ndipo hali huhesabiwa kuwa ya kuangaliwa. Swali la tisa la dodoso mama, linalouliza juu ya mawazo ya kujidhuru, limeondolewa. Alama ndogo kwenye karatasi hiyo haiwezi kukuambia kuwa mtoto yuko salama. Kabla ya kikao cha kwanza shule iwe imeandika nani ataitwa, kwa simu gani, na mtoto atapelekwa hospitali ipi. Namba 116 ya kusaidia watoto ibandikwe ukutani mabwenini. Kama shule haina mpango huo, isianze bado.