Tahadhari: hopsi zilizoharibika zinauzwa Dodoma kama mzigo mpya wa friza

Ndugu zangu mnaotengeneza bia nyumbani hapa Dodoma, pamoja na mlioko Manyoni, Singida na Kondoa mnaoagiza mahitaji yenu kutoka mjini, naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji mmoja anayesambaza hopsi (yale maua yaliyokaushwa yanayoipa bia uchungu na harufu) zilizokwisha kuharibika huku akizinadi kuwa ni mzigo mpya uliokaa kwenye friza tangu ulipoingia nchini. Jina lake na namba yake sitaviandika hapa, kwa kuwa nimekwisha kupeleka malalamiko yangu panapohusika na ningependa yamalizwe huko. Namna anavyouza, hata hivyo, nitaieleza kwa ukamilifu, ili mtu akikutana nayo aitambue kabla hajatoa fedha.

Mwezi Oktoba nilinunua kwake gramu 500 za tembe za hopsi, yaani hopsi zilizosagwa na kushindiliwa, aina ya Cascade kwa shilingi 90,000, ambazo alitaka zilipwe zote kwa simu kabla hajatuma chochote. Nilipoomba kuona mzigo, alinitumia picha ya mfuko wa foili uliofyonzwa hewa. Kilichonifikia siku mbili baadaye kwa mkono wa kijana wa bodaboda kilikuwa mfuko wa nailoni nyepesi inayoonyesha ndani, umefungwa fundo, na juu yake kuna kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu: Cascade, mavuno mapya, asidi za alfa (zile zinazotoa uchungu) asilimia 12. Nilimuuliza foili iko wapi, naye akajibu kwamba alikuwa amenipimia asubuhi ileile kutoka mfuko mkubwa. Nilimwamini, kwa sababu wakati huo sikuwa nimewahi kunusa hopsi nzuri ambazo ningeweza kuzilinganisha na hizo.

Jambo linaloniuma kuliko fedha ni kwamba kwa muda mrefu nilidhani kosa ni langu. Bia ya kwanza, lita 20, ilitoka bila harufu yoyote ya hopsi na uchungu wake ulikuwa hafifu. Nikajiambia kwamba mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, basi huenda uchungu haukutoka vya kutosha. Na harufu nikadhani imepotea na mvuke kwa kuwa niliziacha hopsi jikoni dakika 15. Katika bia ya pili niliongeza muda wa kuchemsha hopsi za uchungu, na zile za harufu nikazitia baada ya kuzima moto, maji ya kimea yalipopoa hadi nyuzi 80. Huo ndio utaratibu sahihi, lakini bia ilitoka ikiwa na harufu kama ya jibini la zamani. Kwa bia ya tatu nilitia gramu 80 ndani ya ndoo baada ya hamira kumaliza kazi yake, nikaziacha siku tatu, nikitarajia ile harufu ya balungi na maua ambayo Cascade inasifika kwayo tangu ilipotolewa Oregon, Marekani, mwaka 1972. Nilipofungua ndoo, chumba kizima kilinuka soksi zilizovaliwa wiki nzima. Lita 60 zimemwagwa, na kimea chake niliagiza Dar es Salaam.

Wenzangu, harufu iliyokwisha kupotea kwenye mfuko hairudishwi na ustadi wowote wa jikoni. Ndani ya ua la hopsi mna chembe ndogo za manjano zinazonata, ziitwazo lupulini, ambamo mna asidi zinazotoa uchungu na mafuta yanayotoa harufu. Mafuta hayo ni mepesi sana, hasa lile liitwalo myrcene, na huyeyuka hewani au kubadilika yakikutana na oksijeni. Asidi nazo huoza kwa oksijeni hiyohiyo, na sehemu yake hugeuka kuwa asidi ya isovaleriki, ambayo ndiyo yenye kunuka jibini na miguu. Joto huharakisha yote haya. Inakadiriwa kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 15, kasi ya kuharibika hupungua kwa takriban nusu. Kwa hiyo mwezi mmoja kwenye rafu yenye nyuzi 30 ni sawa na miezi minane hivi kwenye friza ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Mnalijua jua la Oktoba na Novemba hapa kwetu, kabla mvua hazijaanza. Rafiki yangu mmoja, aliyeuziwa mzigo kama wangu, alifika katika stoo ya muuzaji huyo na kukuta chumba cha bati kisicho na dari, hakina friza, na hopsi zimo katika gunia lililokunjwa mdomo, zimepakana na mifuko ya mtama. Picha ya foili tuliyotumiwa sote wawili ni ileile moja.

Nilipompigia simu, alisema hopsi hukaa kama majani ya chai na haziharibiki. Nilipomweleza habari ya harufu ya jibini, alisema ndiyo harufu ya Cascade. Nilipodai fedha zangu, akaifungia namba yangu.

Kwa hiyo msilipe kabla hamjaona mfuko wenyewe na kuunusa. Mfuko wa kuaminika hauonyeshi ndani, umefyonzwa hewa au umejazwa naitrojeni, na maandishi ya mzalishaji yanataja mwaka wa mavuno na kiwango cha asidi za alfa. Asilimia 12 iliyoandikwa kwenye mfuko wangu ingepaswa kunishtua, maana Cascade kwa kawaida huwa kati ya 4.5 na 7 hivi. Vunja tembe moja na uisugue viganjani hadi ipate joto: nzuri ni ya kijani, inanata, na harufu yake hupanda puani papo hapo, wakati iliyochakaa huwa na rangi ya kahawia, hubaki vumbi kavu na kutoa harufu ya jibini au kutotoa harufu yoyote. Muuzaji akikataa usifungue mfuko wa foili kabla ya kununua, ana haki, kwa kuwa kuufungua ni kuuharibu. Mwambie basi akuuzie mfuko mmoja mdogo kwanza. Anayekataa usinuse hopsi zilizo kwenye nailoni hana sababu kama hiyo.

Mtu huyu amewaambia baadhi ya wateja kwamba hopsi zake zinalimwa Lushoto. Zao hili kwa kawaida hustawi kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, kwa kuwa linahitaji mchana mrefu wa kiangazi ili litoe maua vizuri, na mchana wa kwetu hauzidi sana saa 12 mwaka mzima. Maelezo hayo yanatosha kukufanya uulize maswali zaidi.

Ukipata hopsi nzuri, zigawe siku hiyohiyo katika vifuko vya kutosha kupika mara moja, ukamue hewa yote, uzifunge ndani ya foili na kuziweka chini kabisa ya friza, mahali ambapo hata umeme ukikatika saa chache baridi haiondoki upesi. Siku ya kupika, acha kifuko kipoteze ubaridi kabla ya kukifungua, la sivyo unyevu wa hewa utatulia juu ya tembe.

Mimi nimebaki na gramu 300 hivi, nimezifunga pamoja na ile karatasi ya kalamu, na ujumbe wa malipo nimeuhifadhi. Namba aliyopokelea fedha nimeiripoti pia kupitia 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Ikiwa wewe nawe umenunua mfuko wa nailoni wenye karatasi ya mwandiko wa mkono na asilimia 12 ya Cascade, tafadhali usiutupe wala usifute ujumbe wa malipo, hata kama bia umekwisha kuimwaga, kwa sababu malalamiko ya watu watatu wenye mifuko inayofanana yatakuwa na uzito kuliko ya mtu mmoja aliyebaki na maneno tu.