Swichi ya Pikapu na Shingo Inayonata: Kipi Ununue, Kipi Uache

Wasomaji wangu wanaopiga gitaa la umeme wananiletea malalamiko mawili, na mara nyingi yote yanatoka kwa mtu mmoja. La kwanza: akihamisha swichi ya kuchagua pikapu (vile vipokezi vyenye sumaku chini ya nyuzi) wimbo ukiwa katikati, sauti inakatika, au inarudi na mkwaruzo. La pili: shingo inanata. Ukumbi ukishapata joto kiganja hakitelezi tena, na mpigaji anaingia kwenye sebene huku anavutana na gitaa lake mwenyewe. Kaka mmoja wa Tanga aliambiwa na fundi kwamba pikapu yake ya shingo imekufa. Akauziwa nyingine, ikafungwa, na tatizo likabaki pale pale, kwa sababu lilikuwa kwenye swichi tangu mwanzo. Limeniudhi sana hilo, kwa hiyo leo tununue kwa akili.

Idadi ya sauti, rangi ya kinobu, nchi ilikotoka, hayo muuzaji atakuambia bila kuulizwa. Mimi nina swali moja ambalo karibu hakuna mnunuzi anayeliuliza: je, vibati vinavyogusana ndani ya swichi naviona kwa macho, na naweza kuvisafisha?

Swichi za gitaa ziko za aina mbili kubwa. Kuna za boksi, ambazo vibati vyake vimefungiwa ndani ya plastiki na nje unaona miguu minane tu iliyopangwa mstari mmoja. Kuna na za wazi: fremu ya chuma, springi ya kuvuta, na sahani ya duara yenye vibati pembeni, kila kitu kiko mbele yako. Sisi wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi na unyevunyevu mwaka mzima. Vibati vinashika weusi, mguso unakuwa hafifu, sauti inaanza kukatika. Swichi ya wazi ikifika hapo unafungua plastiki ya mbele ya gitaa, unapuliza dawa ya kusafishia swichi (DeoxIT ndiyo ninayoiamini), unaichezesha mbele na nyuma mara nyingi, kisha unapitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya vibati. Karatasi inatoka na mstari mweusi. Gitaa linarudi kuimba. Swichi ya boksi utaipulizia dawa kwenye ufa wake, uchafu utayeyuka, na utabaki humo humo ndani. Juu ya hapo plastiki yake inalainika pasi ya kulehemu ikikaa kidogo tu kwenye mguu, na mguu ukishapinda ndani, hiyo swichi umeipoteza.

Kwa mizani hiyo, mpangilio wangu ndio huu.

Nafasi ya kwanza naipa Oak-Grigsby ya ngazi tano, yaani inasimama mahali patano, ya wazi, na sifichi kwamba naipenda. Kwa Telecaster (gitaa la Fender lenye pikapu mbili), ambayo inahitaji ngazi tatu, swichi ya CRL inasimama naye bega kwa bega. Zote ni za Marekani, zinauzwa huko kama dola 15 hadi 20, na zinafuata muundo ule ule wa zamani. Stratocaster, gitaa jingine la Fender, ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na swichi ya ngazi tatu tu kwa pikapu tatu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiisimamisha swichi katikati ya ngazi mbili, pikapu mbili zinalia pamoja, kwa sababu kibati kilikuwa kinagusa cha mbele kabla hakijaachia cha nyuma. Fender ikaja kuweka ngazi tano kiwandani mwaka 1977. Tabia hiyo ya kushika mbele kabla ya kuachia nyuma ndiyo inayofanya swichi nzuri isiwe na ule ukimya wa ghafla unapohama kutoka ridhimu kwenda solo. Ngazi ya pili na ya nne, zile za katikati, ndizo sauti nyembamba na safi ninazozitaka kwa mi-solo (gitaa la kati ya ridhimu na solo), na Oak-Grigsby inazikamata kwa mlio wa "tak" ambao kidole kinausikia hata ngoma zikiwa juu.

Tahadhari moja. Swichi za Marekani ni za vipimo vya inchi na za Asia ni za milimita, hivyo skrubu haziingiliani, na hata kile kikofia cha plastiki cha juu kinaweza kugoma au kupwaya. Agiza swichi pamoja na skrubu na kikofia chake. Pima pia kina cha shimo: mwili wa Stratocaster ya kawaida una unene wa kama milimita 45, lakini magitaa mengi ya bei nafuu ni membamba zaidi, na swichi ya wazi inaweza kugota chini. Pima kwa rula kabla hujatoa hela.

Ya pili ni Schaller Megaswitch, ya Mjerumani. Hii ndiyo dawa ya gitaa jembamba, maana haiendi chini sana, na inahama kwa ulaini ambao wengine wanaupenda kuliko "tak" yangu. Inatumia bodi ya saketi, kwa hiyo fundi mwenye mkono mzito ataiunguza. Mpe mtu anayejua kulehemu haraka.

Ya tatu ni poti (kidhibiti cha kuzungusha) ya kuvuta na kusukuma, ile inayokaa chini ya kinobu cha toni na kubeba swichi ndani yake. Hii inaongezea Stratocaster sauti mbili ambazo swichi ya ngazi tano haikupi: pikapu ya shingo na ya daraja kwa pamoja, na zote tatu kwa mpigo. Hutoboi chochote, na ukichoka unairudisha ilivyokuwa. Chukua ya kilo-omu 250 kwa pikapu za koili moja, 500 kwa hambaka, zile za koili mbili. Ubaya wake ni urefu; chagua fupi.

Ya nne ni ile swichi kubwa ya nguzo nne, yaani swichi nne zinazohama pamoja, yenye miguu 24. Inafanya karibu kila unachowaza, lakini kwa bendi ya dansi sioni sababu ya kulehemu miguu 24 ili utumie sauti tatu usiku kucha. Swichi za boksi nimeshazisemea. Ni rahisi, dola chache tu, na zinafaa gitaa la kujifunzia nyumbani.

Wenye Telecaster, nisikilizeni hapa. Swichi ya ngazi nne inaunganisha pikapu mbili moja nyuma ya nyingine na kutoa sauti nene ambayo nawashauri muijaribu. Lakini kifuniko cha chuma cha pikapu ya shingo kwa kawaida kimeunganishwa na waya wa ethi wa pikapu yenyewe. Ukifunga swichi bila kukata kiungo hicho na kukipa kifuniko waya wake wa ethi, kwenye ngazi ya nne kifuniko kinaingia kwenye njia ya sauti. Kila ukikigusa kinanguruma. Muuzaji hakuambii, na mafundi wengi hawaangalii.

Sasa shingo. Magitaa mengi ya leo yamepakwa vanishi nene ya poliurethani au poliesta, ing'aayo kama kioo. Inalinda mbao vizuri, na kwa unyevunyevu wetu huo ni ulinzi wa maana. Kinachonata ni ule mng'ao ukikutana na jasho. Kwa hiyo namba moja kwangu ni kuufisha mng'ao nyuma ya shingo tu na kuiacha vanishi mahali pake. Nunua pedi ya kijivu ya Scotch-Brite, toa nyuzi, ziba kichwa cha gitaa na ukingo wa ubao wa vidole kwa tepu ya karatasi, kisha sugua kwa urefu wa shingo, taratibu, mpaka taa isionekane tena ikijirudia juu yake. Futa kwa kitambaa kikavu. Kazi ya nusu saa, na kiganja kitateleza usiku mzima. Wengi wanatumia stilwaya laini ya namba 0000. Inafanya kazi, lakini vumbi lake ni chuma, na sumaku za pikapu zinalivuta likaganda pale daima. Ukiitumia, funika pikapu zote kwa tepu kwanza.

Namba mbili ni mafuta, na hapa ninayemtaja ni Tru-Oil, yaliyotengenezwa kwa vitako vya bunduki. Ernie Ball Music Man wanamalizia shingo zao kwa mafuta ya namna hiyo na nta, na ukishika moja utaelewa kwa nini. Kwa gitaa la vanishi, hata hivyo, lazima uparue mpaka mbao tupu, kwa msasa wa 220 kisha 400, ndipo upake matabaka membamba, kila moja likikauka kabla ya jingine. Yanahitaji kurudiwa mara kwa mara, na hayazuii unyevu kama poliurethani. Matambara yaliyolowa mafuta haya usiyakunje ukayatupa kwenye kona: yana mafuta ya kitani, yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke.

Vanishi ya nitroselulosi naiweka mwisho kwa watu wa pwani. Inalainika kwa jasho na inaharibiwa na raba za stendi. Kama tayari una gitaa la zamani lenye nitro halisi, liache lilivyo; ukiliparua umeipunguza thamani yake.

Bei zetu sasa. Swichi ya dola 18 inafika kwetu kwa bei ya pikapu, na bado unaambiwa "njoo inbox". Kila kitu ni "orijino", picha zimetolewa mtandaoni, ukiomba picha ya upande wa chini hujibiwi. Mimi sinunui swichi ambayo sijaona tumbo lake. Na fundi akikuambia pikapu imekufa, mwambie aweke mita mbele yako: pikapu nzima ya koili moja ya Stratocaster inasoma kama kilo-omu 5.5 hadi 7. Ikisoma hivyo, usilipie pikapu nyingine, mwambie asafishe swichi. Anayetaka Oak-Grigsby asiagize peke yake, usafiri wa parseli moja unazidi bei ya kitu. Wapigaji wa bendi moja wachange, waagize swichi nne au tano kwa pamoja, na waongeze kopo moja la dawa ya kusafishia.