Vibao vya Slade: mkusanyo upi ununue?

Ukitaka mkusanyo mmoja wa nyimbo za bendi ya roki ya Slade na basi, chukua Cum On Feel the Hitz wa mwaka 2020, tena ule wa CD mbili wenye nyimbo 43. Makelele yote ya mwanzoni mwa miaka ya 70 yamo, na My Oh My ya 1983 na Run Runaway ya 1984 nazo zimo. Toleo la santuri mbili lina nyimbo 24 tu, wastani wa sita kila upande. Kwa mwenye pleya nzuri hiyo si hasara, utaona sababu huko chini.

Kabla hujauliza bei ya mingine, angalia mwaka. Slade, bendi ya Wolverhampton na viunga vyake, walishika namba moja Uingereza mara sita, kuanzia Coz I Luv You (1971) hadi Merry Xmas Everybody (Desemba 1973). Baadaye walizama, wakaibuka upya baada ya tamasha la Reading la 1980. Mkusanyo wowote huishia pale ulipotoka, na jalada halikwambii kilichobaki nje.

Ndiyo maana Sladest, uliotoka Septemba 1973, hauna Merry Xmas Everybody. Usimpe mtu huu kama zawadi ya Krismasi! Far Far Away ya 1974 nayo haimo. Hata hivyo tunauweka namba mbili, kwa sababu kati ya nyimbo zake 14 kuna Pouk Hill na One Way Hotel, za kabla bendi haijavuma, na vibao vyenyewe vimepangwa vizuri kuliko kwenye mkusanyo mwingine wowote. Soma nyuma ya jalada, maana toleo la Marekani lina orodha tofauti.

Namba tatu ni Wall of Hits wa 1991, kwenye CD. Uliongezewa nyimbo mbili mpya, Radio Wall of Sound na Universe. Ya kwanza inafaa, ya pili mtu anaweza kuiruka.

Slade Smashes! wa 1980 unashika mkia, na kosa si la nyimbo. Zimesongamana 20 kwenye santuri moja. Santuri ya inchi 12 hutulia ikibeba dakika kama 20 kila upande. Ukizidisha sana, mistari inabanana, fundi analazimika kupunguza sauti na kukata besi. Nyumbani unaongeza volyumu, na mikwaruzo inaongezeka nayo. Ngoma za Don Powell, ambazo ndizo nusu ya raha ya bendi hii, zinabaki kama mtu anayegonga kasha la karatasi.

Santuri iliyotumika ishike kwa kingo, iinamishe chini ya taa moja kali. Mkwaruzo usiouhisi kwa ukucha mara nyingi hausikiki. Ule unaokwamisha ukucha unaweza kurusha sindano. Kisha tazama lebo kuzunguka kitundu. Vistari vingi vya kijivu ni alama za mikono iliyokuwa ikipapasa kutafuta pini ya katikati ya pleya, na Slade ni muziki wa sherehe: pini ilitafutwa gizani. Omba upigiwe wimbo wa mwisho wa upande. Sindano iliyochakaa huharibu zaidi karibu na katikati, na sauti ya Noddy Holder, ambayo tayari ina mikwaruzo yake, ikianza kutoa mlio wa kukaanga kwenye kila "s", rudisha.

Mtandaoni, tafuta kwa tahajia mbili. Bendi iliandika majina vibaya kwa makusudi, lakini wauzaji wengine huyasahihisha, kwa hiyo Gudbuy T'Jane inaweza kuwa imefichwa chini ya "Goodbye". Bidhaa ambayo wengine hawaioni huwa haigombaniwi. Thibitisha pia jina la wapigaji: Cum On Feel the Noize ya 1983 ni ya Quiet Riot, Wamarekani.

Na jalada likiandikwa jina la bendi Slade II, liache. Holder na mpiga besi Jim Lea walikuwa wameshaondoka. Mpiga gitaa Dave Hill na Powell ndio walioendelea, na anayeimba ni mtu mwingine.