Lenzi ya milimita 35 au ya 50 kwa picha za mtaani na safarini?

Kwa anayepiga picha za maisha ya kila siku kwa kujifurahisha, swali hili huja mapema. Kwenye kamera yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya 35 huona upana wa digrii 63 hivi, kona kwa kona. Ya 50 huona kama 47. Ukiwa mtaani, tofauti hiyo si ndogo.

Chukua fundi viatu aliyeinamia kazi yake. Kwa 35 utapata mikono, sindano, viatu vilivyopangwa na mteja anayesubiri, vyote kwenye fremu moja. Ila lazima usogee, na ukisogea atakuona, kwa hiyo msalimie kwanza uombe ruhusa. Ukibaki mbali, picha hujaa vitu vya pembeni visivyo na kazi. Kwa 50 unasimama hatua kadhaa nyuma, unabaki na uso na uzi unaovutwa, na mandhari ya nyuma hufifia kwa urahisi zaidi. Henri Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa maarufu kwa picha za mtaani, alipendelea hiyo 50.

Ndani ya basi, 50 inabana. Huna pa kurudi nyuma. Kwa bei, 50 ya f/1.8 (namba ya ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga) kwa kawaida ndiyo nafuu.

Angalia pia kamera yako: zenye kihisi cha APS-C, kilicho kidogo kuliko hicho cha 36 kwa 24, hukata kingo, hivyo 35 huko huona karibu kama 50.

Mimi safarini hubeba 35, maana picha pana naweza kuikata baadaye. Kwa sura za watu tu, ningechukua 50 bila kusita.