Tuisheni ya kusoma ya bibi mmoja wa Pasua, Moshi: nimelipa miezi minne, haya ndiyo niliyoyaona

Mimi ni fundi cherehani. Nashona barazani hapa Moshi mjini, hatua chache kutoka soko la Mbuyuni, na nusu ya kazi yangu ni sare za shule. Naanza na hilo ili mjue kwamba anayeandika hapa si mtu wa elimu. Ni mama tu, aliyetoa hela yake akaangalia imekwenda wapi.

Mwanangu wa mwisho yuko darasa la tatu. Januari mwaka huu, ule msimu wa sare ambao sisi mafundi hatulali, nilikuwa nimeshika kitambaa na mteja amesimama mbele yangu, nikamwambia mtoto anisomee daftari la oda. Kiuno ngapi, kifua ngapi, akataja namba zote sawasawa. Nikamwambia haya, nisomee na maelezo. Nilikuwa nimeandika "mikono mifupi, mfuko mmoja, pindo pana". Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema, "Mikono mirefu." Alikuwa anabahatisha. Mteja akacheka, mimi nikawa kama nimemwagiwa maji.

Sikuwa nimekaa bure kabla ya hapo. Mwaka jana wote nilimpeleka kwenye kituo cha tuisheni ambacho sitakitaja. Ada elfu kumi na tano kwa mwezi, na kila Jumamosi mia tano ya mtihani. Kila Jumamosi, jamani! Karatasi zinarudi na wino mwekundu: 23, 31, 19, na chini yake nafasi, wa 52, wa 49. Nikiuliza afanye nini, naambiwa aongeze bidii. Ninazo karatasi zote hizo kwenye mfuko wa rambo, na hakuna hata moja inayoniambia mtoto amekwama wapi. Ni kama mteja akurudishie gauni aseme "halijakaa", halafu aondoke. Halijakaa wapi? Begani? Kwenye makalio? Nifumue upande gani?

Mteja wangu mmoja akanielekeza kwa mwalimu mstaafu anayefundisha kusoma nyumbani kwake Pasua. Jina lake siweki humu, mwenyewe hataki. Watoto wanamwita Bibi, sisi wazazi tunamwita Mwalimu.

Siku ya kwanza hakuuliza ripoti ya shule. Nilimpa, akaiweka chini ya kopo la chaki bila kuifungua. Akamkalisha mtoto pembeni ya mlango, akamwekea karatasi moja yenye silabi, ya pili maneno, ya tatu aya fupi, ya nne hadithi. Silabi akazisoma nyingi. Kwenye maneno akaanza kuyumba. Kwenye aya, Mwalimu akachukua simu yake ya kitochi, akaweka dakika moja, akamwambia asome kwa sauti. Yeye naye alikuwa na nakala yake na penseli: neno lililokosewa au kurukwa analipiga mkwaju. Mtoto akikwama sekunde tatu, anamtajia neno na kulihesabu kosa. Akijirekebisha mwenyewe kabla ya hapo, anamhesabia amepata. Dakika ilipoisha akahesabu. Maneno 14.

Hakuniambia mtoto mvivu. Akachukua daftari la hesabu la miraba, akaweka nukta kwenye 14, akahesabu wiki kumi na sita mbele, akaweka alama kwenye 46, akaunganisha kwa rula. "Maneno mawili kila wiki, mama. Kila Alhamisi nitampima dakika moja na kuweka nukta. Nukta nne mfululizo zikikaa chini ya huu mstari, mimi ndiye nabadilisha ninavyofundisha. Zikikaa nne juu, tunapandisha mstari." Nilimwelewa palepale. Hata sisi hatusubiri siku ya harusi ndiyo tumvalishe bibi harusi. Anakuja kujaribu nguo ikiwa bado na nyuzi za kushikizia, wakati kufumua bado ni rahisi.

Anasema huo si uvumbuzi wake. Kupima kwa dakika moja na kuchora mstari ni kazi iliyoanzia Marekani miaka ya 1970, kwa Stanley Deno na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliotaka mwalimu awe na kipimo cha haraka badala ya kungoja mtihani wa mwisho wa mwaka. Zile karatasi nne ndizo zilizonishangaza zaidi. Shirika la Pratham la India lilianza kupima watoto kwa namna hiyo nyumba kwa nyumba mwaka 2005, na huku kwetu watu wa mradi wa Uwezo wakaja na mtindo huohuo, wakapita Tanzania, Kenya na Uganda. Nikakumbuka kweli kuna mwaka vijana walipita mtaani kwetu na karatasi, wakamsomesha binti yangu mkubwa mlangoni, mimi nikadhani ni watu wa sensa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Wiki ya kwanza nukta ilikaa kwenye 15. Ya pili 17. Ya tatu 16, na siku hiyo alikuwa ametoka kwenye homa, kwa hiyo nikasema moyoni tusihesabu hii. Mwalimu akaiweka hivyohivyo, akaandika "homa" kwa penseli pembeni. Ya nne 18, wakati mstari ulitaka 22. Nukta nne, zote chini. Kule nilikotoka wangeniambia mtoto haelewi. Huyu akaniita Ijumaa, akatandika mezani zile nakala zake nne zenye mikwaju, akaniambia, "Angalia alipokosea, usiangalie mangapi."

Nikaangalia. Nyanya, ng'ombe, mbwa, njia, kwato, ndizi. Kila palipokutana konsonanti mbili au zaidi mtoto alikuwa anaanguka. "Baba", "kalamu", "meza", "kofia" anapita kama maji. Mwaka mzima nilimlipia mitihani, kumbe tatizo lake linaenea kwenye kiganja.

Mwalimu akambadilisha kundi. Badala ya kukaa na watoto kumi na wawili mara mbili kwa wiki, akawa na wenzake wawili wenye shida hiyohiyo, mara tatu kwa wiki, dakika ishirini tu. Kadi za silabi: nya nye nyi nyo nyu, mba mbe mbi mbo mbu. Alizikata kwenye maboksi ya biskuti aliyopewa na mangi wa dukani. Halafu maneno, halafu sentensi zenye maneno hayohayo. Wiki ya sita 23. Ya saba 26. Ya nane 31, juu ya mstari kwa mara ya kwanza. Nikataka kununua soda. Mwalimu akanituliza: aya ya wiki hiyo ilihusu mpira, na huyu mtoto mpira anaupenda kuliko chakula, tungoje. Kweli, ya tisa akarudi 29. Ya kumi 35, ya kumi na moja 39. Hapo ndipo na mimi nikaacha kupanda na kushuka na nukta moja moja.

Jambo jingine nililolipenda ni kwamba hatumii aya ileile mara mbili. Ana bahasha la aya alizoziandika mwenyewe, zinazokaribiana ugumu, ili mtoto asikariri. Na hachukulii mbio kuwa ndiyo kusoma. Kuna kipindi mwanangu alishika tabia ya kukimbiza maneno kama bajaji iliyokatika breki mteremkoni. Namba zilipanda, lakini akiulizwa "nani alipotea sokoni?" anatoa macho. Sasa kila baada ya dakika ile kuna maswali matatu ya mdomo, na majibu yanaandikwa chini ya nukta. Mara moja niliona nukta nzuri ya 41 ina sifuri chini yake, na Mwalimu hakuifurahia hata kidogo.

Binti yangu mkubwa, aliyeko sekondari, alitafuta mtandaoni akaniletea jedwali la Wamarekani: mtoto wa darasa la tatu kwao husoma maneno mara mbili ya haya na zaidi. Nikaenda nalo Pasua nimenuna. Mwalimu akaandika ubaoni "hatukuwaona", akaniambia nihesabu. Neno moja. Akasema Mwingereza kwa maana hiyohiyo atatumia maneno manne au matano. Kwa hiyo hesabu za Kiingereza haziwi futi ya kupimia Kiswahili. Mtoto apimwe na jana yake, na wenzake wanaosoma lugha hiyohiyo.

Kuna lililonikera, na haya nayasema kwa heshima zote.

La kwanza ni mahali penyewe. Ni baraza la mabati. Masika ya mwaka huu, mvua ikianza huwezi kusikia hata mtu akikuita kwa jina, na kipimo cha kusoma kwa sauti kitafanyikaje? Alhamisi mbili tulirudi nyumbani tumelowa bila kipimo, ikabidi kifanyike Ijumaa. Benchi ni fupi, wa mwisho anakaa nusu tako.

La pili ni ada. Elfu ishirini na tano kwa mwezi, unalipa mwanzo, na mtoto akiugua wiki nzima hairudi. Risiti hakuna, anaandika kwenye daftari lake na wewe unasaini. Mimi mwenyewe nawaandikia wateja kadi hata kwa kupunguza suruali, kwa hiyo hili sijalizoea.

La tatu ni aibu, na hili sijui kama ni kosa lake. Anapanga watoto kwa wanachoweza, haangalii darasa. Msichana wa darasa la tano, mrefu kunizidi, alikuwa anakaa na vitoto vya darasa la pili akisoma silabi. Mama yake alikuja siku moja, akaona, akamshika mkono akaondoka naye. Namwelewa huyo mama. Lakini nilikuwa nimeliona daftari la binti yake likiwa wazi mezani, na mstari wake ulikuwa unapanda vizuri kuliko wa mwanangu. Mwalimu angeweza angalau kumpa kiti chake pembeni, au saa yake. Nilimwambia hivyo, akasema, "Saa zenyewe ziko wapi, mama?"

La nne, hesabu. Anafundisha, ndiyo, lakini huko hakuna mstari wala nukta, ni mazoezi ya kawaida tu. Na kuandika hapimi mpaka umwombe. Mimi nilimwomba, sasa mwanangu anapata imla ya maneno kumi kila wiki ya pili. Kama shida ya mtoto wako ni kujumlisha na kutoa, usitoke Majengo au Kiboriloni kulipa nauli kwa ajili hiyo.

Mwezi wa tano nilibeba lile daftari la miraba nikalipeleka shuleni kwa mwalimu wake wa darasa. Nilijua atanifukuza. Ana watoto 87, mchana ule alikuwa amesimama mlangoni na rundo la madaftari kifuani. Alilifungua akiwa amesimama, akageuza kurasa, akaniuliza hizi silabi za "ng" na "nj" amezimaliza lini. Nikamwonyesha. Akasema anao kama kumi na tano wa namna hiyo, na akaomba apige picha ukurasa mmoja. Wiki iliyofuata mwanangu alihamishwa dawati, akakaa mbele. Sikuomba hilo.

Je, amejua kusoma? Wiki ya kumi na tatu alifika 42, nikaamini 46 tutaipita. Hatukuipita. Ya kumi na nne alirudi 41, ya kumi na tano 42, ya kumi na sita 43. Kutoka 14 hadi 43 kwa miezi minne, na maswali anajibu mawili kati ya matatu. Barazani anasoma kibao changu cha "nguo ikizidi miezi mitatu hatuhusiki", na anawasomea wateja wenye madeni bila kutumwa, mpaka nimemkataza. Mwakani ni darasa la nne na upimaji wa taifa, kwa hiyo nimelipa miezi mingine miwili.

Kama unataka kwenda, nenda Jumatano baada ya saa kumi. Jumamosi hapokei wageni. Mpeleke mtoto ameshiba, kwa sababu anapimwa siku hiyohiyo. Ripoti za shule acha nyumbani. Uliza kwanza kama kuna nafasi, maana likizo hii ya Juni kundi dogo limejaa.

Mimi nasubiri Alhamisi. Nukta tatu sasa ziko chini ya mstari, na Mwalimu ameshaanza kukata maboksi mengine ya biskuti, ingawa anasema hatugusi kitu mpaka ya nne ikae.