Uzoefu wangu: nilimwachia mchora ramani afuatilie kibali cha ujenzi (Nala, Dodoma)

Naandika kwa yeyote mwenye kiwanja Dodoma anayetaka kumkabidhi mchora ramani kila kitu: achore, awasilishe maombi, afuatilie kibali, yeye abaki kusubiri simu. Mimi nilifanya hivyo. Nilikabidhi karatasi zangu tarehe 12 Septemba, kibali nikakishika mkononi tarehe 9 Februari. Katika muda huo kuna siku 96 ambazo maombi yangu yalikuwa yamesharudishwa yakafanyiwe marekebisho, na mimi sina habari.

Kiwanja kiko Nala, ukitoka mjini kwa barabara ya Singida, huku inakopita barabara ya mzunguko. Kimepimwa, hati ninayo, kodi ya pango la ardhi nimelipa. Nimepanga Nkuhungu, vyumba viwili, shilingi 180,000 kwa mwezi. Lengo langu lilikuwa msingi uwe umeshapanda na kifusi kimeshashindiliwa kabla ya mvua za Desemba, maana Dodoma mvua ni msimu mmoja na ikianza, mitaro ya msingi inageuka mabwawa.

Huyo mchora ramani nilielekezwa na mtu ninayemwamini. Ana ofisi ndogo, ana kompyuta, ukutani kabandika picha za nyumba nzuri za paa la kuficha. Bei yake ilikuwa 450,000, "ramani pamoja na kibali". Aliniuliza nataka vyumba vingapi, nikamwambia vitatu, kimoja masta, jiko na stoo. Akachukua nakala ya hati na kitambulisho, akasema, "Dada, wewe kaa, nitakupigia."

Kiwanjani hakufika. Hilo ndilo ningelishikilia tangu siku ile, lakini sikujua kwamba ni jambo la kulishikilia.

Oktoba nikampigia, akasema faili liko mezani kwa wataalamu. Novemba akasema kuna foleni, watu wanaojenga ni wengi, na kwamba ikipatikana 80,000 ya kulisukuma litatoka haraka. Nilituma. Inaniuma hadi leo, kwa sababu ile hela ilikuwa ya nondo. Desemba simu yake ikawa inaita bila kupokelewa.

Wakati huohuo nilikuwa nimeshanunua saruji mifuko 60 kwa kuogopa bei kupanda, nimeiweka chumbani kwa jirani wa kule Nala. Tuliipanga chini kwenye sakafu, imegusa ukuta. Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, maji yakapita chini ya mlango. Mifuko 14 ya safu ya chini ilishika ikawa mawe. Ukiugonga mfuko kwa nyundo unalia kama tofali. Mwenye kununua saruji kabla ya kibali, aipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na asinunue ya kukaa miezi.

Fundi wangu naye alikuwa na ushauri wake. "Mama, tuanze msingi, kibali kitatukuta kwenye lenta." Nusura nikubali. Kilichonizuia ni nyumba moja iliyo hatua chache kutoka kwangu, imefika madirishani, ina X nyekundu na neno SIMAMISHA kwa rangi iliyochuruzika hadi chini. Mwenye nyumba ile ni mzee mstaafu. Kila nikipita namkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta wake. Na Dodoma si mji wa kuanza kienyeji. Umekuwa mji wa kupangwa tangu 1973, serikali ilipoamua kuhamishia makao makuu hapa na kuunda CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. CDA ilivunjwa 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, lakini wenyeji bado watakuuliza "kibali unacho?" kabla hawajakuuliza tofali unanunua wapi.

Tarehe 7 Januari niliomba ruhusa kazini, nikaenda mwenyewe halmashauri kuuliza. Binti wa dirishani alitafuta namba ya kiwanja changu kwenye mfumo, akageuza kioo nione. Maombi yalikuwa yamerudishwa tangu tarehe 3 Oktoba. Maoni ya mtaalamu yako pale, yameandikwa vizuri kabisa. Akaunti ya maombi ilikuwa imefunguliwa kwa namba ya simu ya mchora ramani, kwa hiyo kila kilichoandikwa kilikuwa kinamfikia yeye. Nikamuuliza yule binti kuhusu hela ya kusukuma faili. Akaniangalia, akasema, "Dada, hapa hakuna cha kusukuma. Tunasubiri mchoro wako."

Maoni yenyewe yalikuwa matatu, na yote yanatokana na kutofika kiwanjani. Kwanza, mchoro ulionesha kiwanja cha mita 20 kwa 30, wakati hati yangu inasema 18 kwa 35. Nyumba yake ya mita 14 ilikuwa inaacha mita 3 kila upande kwenye karatasi, na mita 2 tu kwenye ardhi. Pili, barabara. Mtaalamu alizungushia duara jekundu ule mshale wa kaskazini: barabara yangu iko mashariki, yeye kaichora magharibi. Baraza la mbele lingetazama ukuta wa jirani. Tatu, kwa kuwa kila kitu kiligeuka, shimo la maji taka aliloliweka "nyuma" lilikuwa limeangukia mbele, karibu mita moja kutoka mpaka wa barabara, palepale nilipopanga kuweka geti.

Nilikaa kwenye benchi nikiuangalia ule mchoro. Ilikuwa ramani ya nyumba ya mtu mwingine, wamebadilisha jina tu.

Mchora ramani wa pili nilimchagua kwa swali moja: utakuja lini kiwanjani? Kijana alikuja keshokutwa yake, saa moja asubuhi, na futi ya mita 50 na jembe. Tulitafuta bikoni zote nne, zile alama za pembe za kiwanja. Moja ilikuwa imefukiwa na mchanga, tukaichimbua. Akaniuliza maji ya mvua yanatelemkia wapi. Akauliza napikia nini, nikamwambia mkaa mara nyingi. Akanyoosha mkono kuelekea kilimani: upepo wa Dodoma mara nyingi unatoka mashariki, hivyo jiko akalipeleka magharibi ili moshi usipite sebuleni. Upande wa chini wa kiwanja udongo ni mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza vidole. Akaniambia pale msingi uende chini zaidi na uwe na mkanda wa zege wenye nondo, na kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu) nipige dawa ya mchwa. Mkazi yeyote wa Dodoma anajua mchwa wanavyokula fremu za milango.

Alinitoza 600,000. Mchoro ulipita kwa msanifu majengo aliyesajiliwa AQRB, bodi inayosajili wasanifu majengo, ukagongwa mhuri. Akaunti ya maombi tuliifungua upya kwa simu yangu, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake. Tuliwasilisha tarehe 21 Januari, namba ya malipo ikaja nikalipa mwenyewe kwa simu, risiti ninayo. Kibali kikatoka baada ya siku 19.

Kwa hiyo wa kwanza nampa nyota moja, na hiyo ni kwa sababu laini za mchoro wake zilikuwa safi. Hela hajarudisha. Nilimwandikia ujumbe mrefu, akajibu "pole dada, changamoto za mfumo". Wa pili nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu alichelewesha mchoro wa nondo kwa siku tano bila kuniambia, na mimi kwa sasa mtu akikaa kimya siku tano silali.

Hasara yangu bila hesabu ndefu: saruji mifuko 14, hela ya "kusukuma", 450,000 ya ramani isiyofaa, na kodi ya Nkuhungu ya miezi ambayo singeilipa. Pia msimu. Kibali kimetoka Februari, mvua ikiwa katikati, tukasubiri tena hadi mwishoni mwa Aprili ardhi ikauke.

Jumamosi iliyopita tulipiga kamba. Fundi alitaka kupima kwa hatua za mguu, nikamwomba tutumie futi. Nakala ya kibali nilikuwa nimeitia kwenye nailoni na kuigongomelea kwenye mrunda. Nilichuchumaa mwenyewe kwenye bikoni ya mashariki nikashika kichwa cha futi, yeye akavuta hadi kwenye kamba, akasoma kwa sauti. Ilikuwa sawa na mchoro. Nikamwambia achimbe.